UZI MAALUMU: Vidole vya miguu visikushushe mtini. Kuwinda ayala kwenye baridi ya Minnesota, Wisconsin na majirani

Mnyalu wa Duluth (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Msimu wa bunduki unagonga mlango. Minnesota hufunguliwa Jumamosi ya mwanzo mwanzo wa Novemba, Wisconsin wanafungua Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani. Kila mwaka naona ndugu zetu wapya wanaingia porini wakiwa wamejikamilisha: leseni mkononi, bunduki nzuri, koti na kofia ya rangi ya chungwa inayowaka. Saa tatu asubuhi mtu ameshashuka kwenye dungu, kile kiti cha juu ya mti tunachovizia, anarudi kwenye gari. Ukimuuliza, mwili wote ulikuwa na joto, ni vidole vya miguu tu vilivyomshinda. Inaniuma, kwa sababu Novemba ndiyo wakati madume wanahangaika kutafuta majike na dume mkubwa anaweza kupita hata saa sita mchana. Anayeweza kukaa kutwa ana nafasi ambayo mwenye miguu ya baridi hana.

Jambo ninalotaka tulielewe kabla hatujaenda kutoa hela dukani ni hili: mara nyingi miguu haishindwi na baridi ya pale mtini. Imeshashindwa njiani, kwa jasho.

Fikiria safari yenyewe. Umeamka saa tisa usiku, ukavaa buti nzito ukiwa bado ndani ya nyumba, ukaendesha gari saa nzima huku hita inapuliza miguuni. Ukashuka, ukapanda kilima gizani na begi, bunduki na kiti mgongoni, theluji imefika kwenye vifundo. Mguu una tezi za jasho nyingi kuliko sehemu nyingi za mwili, na humo ndani ya buti jasho halina pa kwenda. Unapofika mtini unajisikia vizuri kabisa, miguu ya moto. Kisha unakaa kimya kwa muda wa saa nne.

Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Sufu, felti (sufu iliyoshindiliwa ikawa nene), Thinsulate (nyuzi za kiwandani za kutia joto), vyote hivyo hukutia joto kwa kushika hewa tuli katikati ya nyuzi. Jasho likichukua nafasi ya hiyo hewa, umebaki na kitambaa chenye maji. Na wakati huo huo mwili, ukiona baridi, unabana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili moyo, ini na ubongo visikose joto. Kwa hiyo damu ya moto haishuki tena, na kilichouzunguka mguu kimelowa. Buti haina moto wake. Inatunza tu kile ambacho damu imeleta.

Wamarekani wenyewe walijifunza hili kwa machungu. Novemba na Desemba 1950, vita vya Korea, kwenye bwawa la Chosin, wanamaji wao walikuwa wamevaa buti za mpira chini na ngozi juu, zenye soli ya ndani ya felti. Wakitembea wanatoka jasho, wakisimama kulinda zamu jasho linaganda ndani ya buti. Maelfu waliumizwa na baridi, wengine wakapoteza vidole. Baada ya hapo zikaja zile buti za mpira nene watu wanaziita Mickey Mouse: sufu imefungiwa katikati ya tabaka mbili za mpira, hivyo jasho haliwezi kuifikia hata kidogo. Nyeusi ni za baridi ya kawaida ya huku, nyeupe ni za ncha ya kaskazini, zimepimwa hadi nyuzi 54 chini ya sifuri. Bado zinauzwa kwenye maduka ya vitu vya zamani vya jeshi.

Sasa utaratibu ninaoufuata na ninaomshauri kila mtu.

Gari unaendesha na raba. Buti kubwa ziko kwenye kiti cha pembeni, mdomo umeelekea hita, zinapata moto zenyewe bila mguu ndani. Kutoka kwenye gari hadi mtini unavaa buti nyepesi na soksi nyembamba, koti limefungwa mgongoni, zipu ya sweta wazi. Ukianza safari ukiwa unahisi kibaridi kidogo, hapo umevaa sawasawa. Buti kubwa zinaning'inia kwenye begi kwa kamba zake.

Ukifika chini ya mti ndipo penye kazi, na hapo usikimbilie. Natandika kipande cha sponji, ile ngumu ya kukalia uwanjani, nakaa kwenye begi, navua buti moja. Ukimulika tochi utaona mvuke unatoka kwenye mguu kabisa, hata kama ulidhani hukutoka jasho. Unafuta kwa taulo ndogo, kati ya kidole na kidole, usiruke. Unaacha mguu wazi kwenye hewa kidogo, unauma kwa baridi lakini ndio unakauka. Kisha soksi kavu ya sufu, buti kubwa, kamba bila kukaza. Halafu mguu wa pili. Soksi iliyolowa inaingia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, harufu ibaki humo. Hiyo yote ni dakika tano, na inakupa saa tatu za ziada juu ya mti.

Kuhusu buti: zile gramu zinazoandikwa, 400, 800, 1,200, ni uzito wa kitambaa cha joto kwa kila mita mraba. Mia nne ni za mtu anayetembea. Mtu wa kukaa mtini Novemba aanzie 1,000, au achukue buti zenye kiatu cha ndani cha felti kinachotoka. Nyuzi zilizoandikwa kwenye boksi, sijui chini ya sifuri 40, usizitegemee. Kwa kawaida kampuni hujipimia yenyewe, na humfikiria mtu anayejongea.

Na nunua kubwa kuliko saizi yako. Vidole visipocheza ndani, buti ya dola 300 itakugandisha sawa na ya dola 40.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchagga wa Marangu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mleta uzi umesema kweli tupu. Kabla ya kuja huku Wisconsin nilikuwa naongoza wageni Kilimanjaro. Usiku wa kileleni tunaondoka kambi ya Kibo, mita 4,720, kama saa sita usiku, tunategemea kuona jua tukiwa karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sharti letu kwa mgeni lilikuwa moja: soksi uliyotembea nayo mchana usipande nayo. Soksi za kileleni zinakaa kwenye mfuko wake peke yake, hazivaliwi hata kulalia.

La pili, mgeni mwenye hofu ya baridi anavaa soksi tatu. Anafika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, analia vidole havipo. Ukimfungua kamba na kumvua soksi moja, baada ya muda vinarudi. Soksi ya tatu ilikuwa imekamua damu na hewa yote humo ndani.

Ila kuna tofauti moja nimeiona huku. Mpanda mlima anatembea usiku kucha, moto anautengeneza mwenyewe kwa miguu yake. Mwindaji anakaa. Kwa hiyo buti yangu ya mlima, pamoja na uzuri wake wote, kwenye dungu haifai. Naomba wanaotoka nyumbani na vifaa vya mlimani walijue hilo.

Mwana Bukavu

Aksanti sana mukubwa kwa mafundisho. Miye niko Iowa, huku bunduki ni mwezi wa kumi na mbili, baridi tayari ni kali. Pale kazini, kwenye kiwanda cha nyama, wazungu wengi wanawinda na gambuti. Wanasema nyama hasikie harufu ya muntu. Nifuate wao ao nitafute zile za felti?

Mnyalu wa Duluth

Ndugu yangu wa Bukavu, karibu sana. Gambuti za kuwindia, zile zenye neoprini ndani (mpira laini wa sponji), zina kazi yake. Kuvuka bwawa na vijito ni nzuri, na mpira hauachi harufu nyingi kwenye majani kama ngozi. Wanaozivaa hawakosei.

Shida yake ni hiyo hiyo ya jasho, maana mpira haupumui kabisa. Ukizitaka, tembea nazo polepole mno, na bado beba soksi kavu za kubadilisha ukifika. Desemba ya Iowa, upepo ule wa mashamba ya mahindi yaliyovunwa, mimi ningechukua gambuti za kuendea na za felti za kukalia. Kama hela ni ya jozi moja tu, chukua za felti.

Kitu kingine rahisi sana: usiweke miguu juu ya chuma. Sakafu ya dungu la chuma inanyonya joto kupitia soli muda wote ulio juu. Kata kipande cha zulia kuukuu au sponji ngumu, funga kwa waya. Kinazuia baridi na pia kinameza sauti ya buti ukijigeuza. Kama unakaa chini kwenye theluji, fukua hadi kwenye majani makavu, kisha weka hicho kipande.

Mkimbiaji_Iten

Wadau, asanteni. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo haya yote nimeyajifunzia hapa Minnesota kutoka kwa jirani mmoja mzee.

Yeye ananiambia nivae soksi nyembamba, juu yake mfuko wa plastiki wa mkate, halafu soksi ya sufu. Nimefanya hivyo na inasaidia kweli. Lakini mleta uzi anasema mguu uwe mkavu, na ndani ya plastiki mguu hauwi mkavu hata kidogo. Sasa nani yuko sahihi?

Mnyalu wa Duluth

Swali zuri sana mkuu. Jirani yako yuko sahihi, na ni elimu ile ile ya buti za Mickey Mouse. Plastiki inaiacha ngozi na unyevu wake lakini inailinda sufu isilowe. Mguu wako utakuwa na unyevunyevu, na joto litabaki kwa sababu kinachoshika hewa bado ni kikavu.

Gharama yake ni ngozi. Ikikaa kwenye maji yake kutwa inavimba, inakunjamana, inakuwa nyeupe. Askari wa vita vya kwanza vya dunia waliharibika miguu kwenye mahandaki bila barafu yoyote, ni maji na ubaridi tu wa siku nyingi. Kwa hiyo ukitumia mifuko, iwe ni saa chache, mchana vua, futa, vaa soksi nyembamba nyingine. Usilale nayo kambini.

Na mimi bado napendelea njia ya kukauka kwanza. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa wanajaza nyasi kavu kwenye viatu vyao vya ngozi ya kulungu wa theluji, jioni wanazitoa na kuzianika. Msafara wa Amundsen kwenda ncha ya kusini, uliofika Desemba 1911, ulikuwa na nyasi hizo. Kila jioni unatoa unyevu wa siku. Mtu mwenye felti inayotoka anafanya hivyo hivyo: usiku toa kiatu cha ndani, toa soli, ning'iniza juu, mbali na jiko. Ukiweka jirani na moto gundi inaachia na felti inasinyaa. Ukiziacha buti kwenye buti ya gari usiku kucha, asubuhi unavaa barafu.

Dada_Winnipeg

Habari zenu kaka zangu. Mimi siwindi, mume wangu ndiye anayewinda, lakini ni muuguzi huku Manitoba na naomba mnisikilize kwa makini.

Sisi watu weusi baridi inatuumiza vidole haraka zaidi. Hii si hadithi. Tafiti za jeshi la Marekani na la Uingereza zimeonyesha askari weusi wanapata majeraha ya baridi kwa wingi kuliko wenzao weupe walio kwenye mazingira yale yale. Mishipa yetu ya vidole hubana zaidi kwenye baridi na huchelewa kufunguka. Kwa hiyo mzungu mwenzako akisema "leo si baridi", usimfuate yeye, fuata vidole vyako.

Na dalili kwetu zinajificha. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyeupe au nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi unaona imepauka, rangi ya jivu, ngumu kama nta ukiibonyeza. Dalili ya kuogopa zaidi ni ile ya maumivu kuisha. Vidole vinauma, vinauma, halafu ghafla vinatulia. Watu wanafurahi wakidhani vimezoea. Hapo ndipo unashuka, unaondoka.

Ikitokea vimeganda: usisugue, wala usisugue na theluji. Usiweke kwenye moto wala kwenye moshi wa gari, kwa sababu hausikii na utaungua bila kujua. Kama bado una mwendo wa kurudi na vinaweza kuganda tena, usiviyeyushe porini, tembea hivyo hivyo. Kuyeyuka na kuganda mara ya pili kunaharibu kuliko kuganda mara moja. Ukifika penye nyumba, maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, nusu saa hivi, na uende hospitali. Vitauma sana vikirudi, hilo ni la kawaida.

Sigara inabana mishipa. Pombe inakudanganya, unasikia joto usoni huku mwili unapoteza joto lake. Mume wangu nimemkataza vyote viwili akienda porini.

Mchagga wa Marangu

Dada Mungu akubariki. Hilo la maumivu kuisha nalikazia. Mlimani mgeni anayelalamika vidole nilikuwa namchukulia ana nafuu, aliyenyamaza ndiye nilikuwa namvua kiatu.

Mwana Bukavu

Dada aksanti. Na vile vipakiti vya moto vya kubandika ku vidole? Muko munavisema namna gani? Miye niko na sukari.

Dada_Winnipeg

Kaka, kama una kisukari usivitumie bila kuongea na daktari wako, na hata soksi za betri vilevile. Kisukari kinaweza kuwa kimepunguza hisia za nyayo. Kitu cha moto kikikaa saa tano kwenye mguu usiohisi, jioni unakuta lengelenge, na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari tunakijua kilivyo. Wewe tegemea buti kubwa, soksi kavu na kurudi mapema.

Mnyalu wa Duluth

Naongezea kwa wasio na kisukari. Ndani ya kile kipakiti kuna unga wa chuma, chumvi, mkaa na maji kidogo. Chuma kinapata kutu haraka na kutu hiyo ndiyo inatoa joto, na bila hewa hakuna kutu. Ndiyo maana watu wanavitia kwenye gambuti inayobana halafu wanasema ni feki. Vifungue viwe nje dakika kumi kwanza, bandika juu ya vidole, juu ya soksi nyembamba, si kwenye ngozi wala chini ya unyayo ambako vinabanwa na uzito. Chukua vile vya miguuni, si vya mkononi, vimetengenezwa kwa ajili ya hewa kidogo. Kama buti haina nafasi, acha. Kipakiti kinachobana damu hakikusaidii.

Kuna pia mifuko ya miguu, unavaa juu ya buti ukishakaa, kama blanketi lenye zipu. Hiyo hela yake haipotei, na kipakiti ukikitia humo kinapata hewa ya kutosha.

Halafu wakuu tusisahau juu. Miguu inapewa damu iliyobaki baada ya kiwiliwili kushiba joto. Shingo wazi, kofia nyepesi, suruali ya jeans: hapo hata buti ya askari haikuokoi. Vaa suruali ya ndani ya sufu, kula chakula chenye mafuta, karanga, kipande cha jibini. Na angalia kiti. Ukingo wa chuma ukikandamiza nyuma ya magoti unafunga njia ya damu. Weka mto, inua miguu kidogo.

Ukiwa juu, kila baada ya muda kunja vidole ndani ya buti na kuvikunjua, kaza misuli ya shavu la mguu, hesabu hadi ishirini, achia. Ayala haoni kitu. Kama haitoshi, shuka utembee taratibu kuzunguka kilima, hatua tatu unasimama, hatua tatu unasimama. Ukisharudi mtini, badilisha soksi tena.

Mama Neema

Kaka zangu shikamooni. Mwanangu ana miaka 12, baba yake anataka kumpeleka kwenye msimu wa vijana wa Oktoba na pengine Novemba pia. Buti za watoto zenye gramu nyingi ni ghali na mwakani hazimtoshi. Nifanyeje?

Mnyalu wa Duluth

Marahaba mama. Usinunue mpya. Tafuta za mtumba zenye felti ya kutoka, saizi moja na nusu zaidi, ununue felti mpya peke yake, na mwakani bado atazivaa. Soksi za sufu jozi mbili, pamba asiguse kabisa.

Mguu wa mtoto ni mdogo na unapoa haraka kuliko wa baba yake, na mtoto wa kiume wa umri huo hatasema kwamba anasikia baridi mbele ya baba. Mwambie mzee asimuulize. Kila saa moja amvue buti, ashike vidole kwa mkono wake mtupu. Vikiwa baridi kama mawe, wanarudi kwenye gari, wanakunywa chai, na wakitaka wanarudi tena jioni.

Mama Neema

Nimekuelewa kaka. Nimemwonyesha baba yake, amesema taulo ndogo na soksi za akiba ameshaziweka kwenye begi.